Uzi maalumu kwa yule bingwa wa "volti ni za waoga"

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Simtaji, mnamjua, hata feni zenu zinamjua. Leo kwenye uzi wake wa kuovakloki, yaani kupandisha kasi ya prosesa kupita ya kiwandani, mtu kauliza kistaarabu kabisa: "Mkuu, hiyo 5.6 GHz umeipa volti ngapi?" Jibu alilopewa: "Volti ni za waoga."

Volti. Ni. Za. Waoga.

Chini yake kabandika skrinishoti, joto nyuzi 41, kapigia na mstari mwekundu. Sasa vuta picha karibu, kona ya kulia. Mzigo wa prosesa: asilimia 3. TATU! Jiko ambalo halijawashwa nalo ni la baridi, tuseme nalo limeovaklokiwa?

Huyo volti kaziacha kwenye Oto, bodi mama ijipangie yenyewe, hakuna siri. Ukipandisha kloki, yaani kasi, bodi inajihami, palipotosha 1.28 inamwaga 1.42 ili isigande. Na umeme unaoliwa huenda na mraba wa volti, kwa hiyo hapo umeongeza joto kama asilimia 23 bila kupata hata MHz moja. Bado hujahesabu umeme unaovuja, ambao chipu ikipata moto nao unazidi.

Mwoga anafanyaje? Anafunga volti, tuseme 1.25. Anapandisha kizidishi hatua moja, yaani 100 MHz, anapiga Cinebench, programu ya kuibebesha prosesa mzigo, dakika 10 huku HWiNFO, ya kusoma joto na volti, iko wazi. Ikizima, au mistari ya WHEA (makosa ya maunzi ambayo Windows inayarekodi) ikianza kuhesabu, anaongeza 0.01 anarudia. Siku 100 MHz moja inadai 0.05 nzima, anajua kafika ukutani, anarudi hatua moja nyuma analala. Ndiyo woga wenyewe huo.

Halafu kashauri LLC, ule mpangilio wa bodi unaobana volti mzigo ukiingia, iwekwe ya mwisho kabisa "ili volti isishuke". Baba, kushuka kidogo mzigo ukiingia ndiyo kawaida! Ukiibana kabisa, mzigo ukiachia ghafla volti inaruka juu ya ulichoandika. HWiNFO inasoma kila baada ya sekunde 2, huo mruko hauuoni ng'o, unataka osiloskopu. Prosesa ndiyo inauona. Inachakaa polepole, kesho 1.28 haitoshi tena, inadai 1.31.

Mpeni Prime95, programu ya kuitesa prosesa, jaribio la Small FFT, AVX (hesabu zake nzito) ikiwa imewashwa. Dakika 2 tu. Ile 41 yake itagonga 100, prosesa ijipunguzie kasi yenyewe, 5.6 igeuke 4.9, naye ashangilie kwamba haijazima.

Asilimia tatu jamani. Na mstari mwekundu juu yake.

Kilowati: Mkuu shusha pumzi, uzi wako wenyewe umegonga 100.

BilaPesti: Ile skrinishoti nimeivuta karibu, kumbe na kikokotoo kilikuwa wazi. Huo ndio mzigo wenyewe 😂😂

MzeeWaBayosi: Mleta uzi uko sahihi ila umesahau linaloua wageni. "LLC ya mwisho" ni ipi? Kuna bodi namba 1 ndiyo kali, kuna bodi namba 8 ndiyo kali. Mtu anasoma ushauri wa bodi nyingine anaweka 1 akidhani kajihifadhi. Tazameni mchoro pembeni ya hiyo menyu: mstari ulionyooka ndio mkali, unaoinama ndio mpole. Kaa katikati.

KoriMoja: Mimi namtetea kidogo. Ukitumia Curve Optimizer, ile ya kupunguza volti kwenye Ryzen za AMD, ukaweka hasi 30 kori zote (vile vitengo vya kazi ndani ya prosesa), Cinebench inapita vizuri tu, halafu mashine inajizima ukiwa umefungua kivinjari. Kwa sababu kasi ya juu kabisa inakuja pale kori moja tu ina kazi. Kwa hiyo asilimia 3 nayo ni jaribio.

Mleta uzi: KoriMoja usinitibue. Jaribio la kuganda, sawa. Yeye kaweka JOTO. Kapigia mstari JOTO.

KoriMoja: Basi yaishe mkuu, mwoga ni mimi.

BilaPesti: Wote mnapiga kelele za volti na nusu yenu hamjabandua ile plastiki chini ya kipozeo.

Kilowati: Hapo umegusa. Na wengine wanapaka pesti, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, kama siagi kwenye mkate. Tone la punje ya njegere katikati, nati zikazwe kwa mkingamo, kila moja mizunguko michache kwa zamu. Ukimaliza moja kabisa kwanza, upande mmoja unanyanyuka, unakuta kori mbili zina nyuzi 15 zaidi ya wenzao, unakimbilia hapa kulaumu chipu.

MzeeWaBayosi: Hao afadhali. Kuna wa kipozeo cha maji anafunga rejeta chini, pampu juu. Hewa yote inapanda kwenye pampu, inakoroma kama mzee, halafu anauliza mbona 95.

FeniTatu: Mbona hamsemi ram? Prosesa haina kosa. Watu wanawasha EXPO (kasi ya ram iliyopangwa tayari) na kuovakloki prosesa siku moja, mashine ikiganda hawajui wamshike nani. Kimoja kwanza! Na volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayoongea na ram, isivuke 1.3, AMD waliweka kikomo hicho 2023 baada ya zile prosesa zao za X3D kuungua.

Kilowati: Ram nne kwenye AM5, soketi ya AMD, halafu unataka kasi ya 6000. Rudi 3600 upumzike.

FeniTatu: Nani kakwambia nina nne?

Kilowati: Unaandika kama mtu mwenye nne.

BilaPesti: Samahanini, feni ya nyuma inapuliza ndani au nje?