Kedi mwenye fimbo moja tu anaweza kuwa bingwa wa gofu?

Mama Kihonda: Habari zenu wanajamvi. Mtoto wa marehemu dada yangu ana miaka 15. Jumamosi hushinda uwanja wa gofu hapa Morogoro akiwa kedi, yaani akibeba mabegi ya wachezaji. Mmoja wao kampa fimbo kuukuu ya chuma, namba 3, na tangu hapo halali. Seti nzima siiwezi, nimeuliza bei nikanyamaza. Yupo bingwa aliyeanza hivi, au namwacha apoteze muda?

Kedi Mstaafu: Dada, usimnyang'anye hiyo fimbo! Namba 3 ndiyo aliyokulia nayo Seve Ballesteros, mtoto wa mkulima wa Pedreña, Hispania. Alipewa na kaka yake Manuel. Klabu ya kwao haikuwaruhusu makedi kama yeye kucheza ovyo, basi akawa anapiga ufukweni, na giza likiingia ananyemelea uwanjani. Fimbo ile imetengenezwa kwa mipira ya mbali, lakini yeye hakuwa na nyingine: mpira wa chini, wa juu, wa kupinda, wa kutoka mchangani, yote kwa hiyo hiyo moja. Mikono yake ilisomea hapo. Mwaka 1976, akiwa na miaka 19, alikuwa wa pili pamoja na Jack Nicklaus, yule gwiji wa Marekani, kwenye The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akachukua Kenya Open. Mwaka uliofuata, kwenye The Open kule Lytham, shimo la 16, mpira wake uliangukia kwenye maegesho ya magari, na bado akalimaliza kwa mikwaju mitatu, mmoja pungufu ya kiwango cha shimo hilo. Akatwaa kombe. Mimi nimebeba mabegi miaka 22, na bado sijaona mchezaji ninayempenda kuliko huyo.

Baba Neema: Yote kweli, mzee wangu, ila tusimfiche mama. Seve alikuwa na mjomba, Ramón Sota, mchezaji wa kulipwa aliyeshika nafasi ya sita Masters, mashindano makubwa ya Marekani, mwaka 1965, na kaka zake nao waliishi kwa gofu. Kijana wetu ana nani? Mama, kabla ya seti mtafutie mwalimu, hata wa saa moja kwa wiki. Na amtazame mgongo. Seve alishinda Open tatu na Masters mbili, lakini mgongo ulimtesa tangu ujana. Ushindi wake wa mwisho kama mchezaji wa kulipwa ulikuwa 1995, akiwa na miaka 38 tu.

Kedi Mstaafu: Hapo kwa mwalimu nakuunga mkono. Mama, zungumza na mkuu wa makedi. Klabu nyingi zina siku ya makedi kucheza. Ahakikishe jina la kijana limo.

Mama Kihonda: Asanteni sana, Mungu awabariki. Jumatatu nakwenda. Nimemsomea yote, anauliza: kule ufukweni mipira aliipata wapi?

Kedi Mstaafu: Mwambie mwanzoni hakuwa nayo. Alipiga kokoto.