Gari la zamani linakula tairi la mbele kwa ndani hata baada ya alaimenti mara mbili: naomba ushauri

Mwalimu wa Newala:

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha Newala na familia yangu inaishi Mtwara mjini, hivyo karibu kila mwisho wa juma huwa barabarani na Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, nikipitia Tandahimba na ile michepuko ya ujenzi wa lami. Tangu mwezi wa nane gari linakula tairi la mbele la kulia kwa upande wa ndani. Niligundua siku nilipoinama kuokota funguo: kwa nje kashata (vinundu vya tairi vinavyokanyaga barabara) zilikuwa bado zimesimama vizuri, lakini nilipopitisha mkono kwa ndani nilichomwa na waya.

Nimefanya alaimenti (kurekebisha mwelekeo wa matairi) mara mbili, katika gereji mbili tofauti. Kila mara usukani ulinyooka siku chache, kisha ukarudi kuinamia upande mmoja ilhali gari linakwenda mbele, na tairi nililofunga baada ya mara ya kwanza nalo limeshaanza kuisha vilevile. Fundi wa pili anasema reki ya usukani (kifaa kinachogeuza matairi ukizungusha usukani) imekufa na anataka niinunue. Nawabeba wanangu watatu katika gari hili, na wala sina fedha ya kununua kifaa kwa kubahatisha. Nianze kukagua wapi?

Dereva wa Masasi:

Pole sana, Mwalimu. Kabla ya yote pima upepo asubuhi, tairi likiwa bado baridi, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, kwa sababu tofauti ya upepo kati ya kulia na kushoto inatosha kulifanya gari livute. Soma pia zile tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi. Zikiwa 2317, kwa mfano, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017, na hilo ni zee hata kama kashata zinapendeza. Kama gari linavuta upande, badilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto lije kulia. Mvuto ukihama, lawama ni ya tairi.

Fundi wa Mingoyo:

Mwalimu, usinunue reki bado. Ulichokieleza, kwamba usukani unanyooka na baada ya siku chache unaharibika tena, kinaniambia mimi kwamba kuna kitu kimelegea. Mashine ya alaimenti hupima gari likiwa limesimama tuli. Ikiwa bushi (mpira wa kwenye maungio ya chini ya gari) imechanika, tairi litakaa vizuri pale kwenye mashine, na ukiingia barabarani litakwenda linakotaka. Ndiyo maana mimi huwa sikubali kugusa tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) za gari la miaka zaidi ya 20 kabla sijalala chini yake na kulikagua, na inanisikitisha kuona watu wakilipia alaimenti ileile mara mbili.

Paki mahali tambarare, weka kabari nyuma ya matairi ya nyuma, pandisha jeki na uweke stendi. Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Shika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, ulitikise. Likicheza, shuku beringi au boljointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo penye gurudumu). Kisha shika kulia na kushoto na utikise tena: mchezo wa hapo mara nyingi unatoka kwenye tairodi, na mtu mwingine akiweka vidole kwenye kiungo atausikia. Ukimaliza, chukua tochi na mtaimbo mfupi, uisukume taratibu amu ya chini (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu) mahali inapofungwa kwenye bodi. Bushi ya nyuma ndiyo itazame kwa makini zaidi, maana mpira wake huchanika kwa ndani na kwa juu ukaonekana mzima.

Nina swali moja, na tafadhali lijibu baada ya kulijaribu kwenye kipande cha lami kisicho na magari: ukikanyaga mafuta gari linaelekea wapi, na ukikanyaga breki linaelekea wapi?

Mkazi wa Mikindani:

Naomba kuongeza jambo la sisi wa pwani. Gari linalolala karibu na bahari hushikwa na kutu kwenye nati za tairodi, na nimewahi kuona fundi akishindwa kuifungua ya upande mmoja akarekebisha upande mwingine peke yake. Vipimo vilitoka vizuri, lakini usukani ulibaki umeinama. Hesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana nje ya nati kila upande. Zikipishana sana, ujue ndivyo ilivyofanyika, au amu mojawapo imepinda. Zipake nati mafuta ya kulegeza kutu usiku mmoja kabla ya kwenda gereji.

Mwalimu wa Newala:

Nimefanya yote jana, nawashukuru sana. Upepo ulikuwa sawa, na kubadilishana matairi hakukubadilisha kitu. Juu na chini tairi halichezi, kulia na kushoto halichezi. Barabarani, nikikanyaga mafuta gari linasogea kidogo kushoto, na nikikanyaga breki linakwenda kulia kiasi cha kunifanya niukaze mkono. Nikidhani ni breki inayong'ang'ania, nilisimama nikaweka kiganja karibu na rimu zote mbili, na joto lilikuwa sawasawa.

Nimejaribu pia kupima mwenyewe kwa futi. Nilichora alama ya chaki katikati ya kashata za tairi zote mbili kwa upande wa nyuma, nikapima kutoka alama hadi alama, kisha tukasukuma gari mbele nusu mzunguko hadi alama zikaja mbele kwa kimo kilekile, nikapima tena. Mbele ni pana kuliko nyuma kwa milimita 6.

Fundi wa Mingoyo:

Umefanya kazi nzuri, Mwalimu, na sasa tunaongea kwa ushahidi. Matairi yameachana kwa mbele, na tairi la namna hiyo linaburuzwa likitazama nje, ndiyo maana linaliwa kwa ndani. Kuelekea huku kwa mafuta na kule kwa breki ni tabia ya bushi ya amu iliyochanika: breki inalivuta gurudumu nyuma linageukia nje, na mafuta yanalirudisha mbele. Nakwambia angalia amu ya kulia. Je, gari hili liliwahi kunyanyuliwa?

Mwalimu wa Newala:

Ndiyo. Kabla ya masika niliwekewa spesa (vipande vya kunyanyulia gari) juu ya springi za mbele, kwa sababu lilikuwa linakwaruza tumbo njiani. Sikufikiri kama lina uhusiano na tairi.

Fundi wa Mingoyo:

Uhusiano upo, na ni mkubwa. Spesa inaishusha amu chini ya pale ilipotengenezewa kukaa, hivyo mpira wa bushi unabaki umesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limepaki, na mpira wa siku nyingi hauvumilii. Pia kimo kikibadilika, mwelekeo na ulalo wa matairi hubadilika, kwa hiyo alaimenti ilipaswa kufanywa siku ileile uliyonyanyua gari. Ushauri wangu ni kuziondoa. Kama njia haikuruhusu, funga springi mpya zenye kimo cha asili, kwa maana huenda zako zimechoka na ndiyo sababu gari lilikuwa linakwaruza.

Bushi badilisha kulia na kushoto kwa pamoja. Na msimamie fundi katika hili: boliti za amu zisikazwe hadi mwisho tairi likiwa linaning'inia kwenye jeki. Azikaze kiasi, ashushe gari likanyage chini kwa uzito wake, alitingishe mara kadhaa, ndipo akaze moja kwa moja. Akikaza likiwa juu, bushi mpya inasokotwa tangu siku ya kwanza na baada ya miezi michache utarudi tena hapa.

Mwalimu wa Newala:

Narudi kutoa taarifa. Amu ya kulia ilipotolewa, fundi aliingiza bisibisi kwenye bushi ya nyuma na ikapenya hadi upande wa pili. Mpira ulikuwa umeachana kabisa na chuma. Ya kushoto ilikuwa na ufa mdogo. Nimebadilisha zote, nimeondoa spesa, na nilisimama pale hadi gari likashushwa ndipo boliti zikakazwa. Alaimenti imefanywa jana mchana. Nimekuja Newala leo na usukani umenyooka, na kwenye breki gari halikimbilii kulia tena. Nimechora chaki kwenye kashata za ndani ili nizitazame kila Ijumaa. Je, tairi hili lililoanza kuliwa niendelee nalo mbele?

Dereva wa Masasi:

Kama waya hauonekani, lipeleke nyuma kwa sasa na la nyuma lililo zima lije mbele. Lile la kwanza lenye waya usilifanye hata la akiba.