Jina la faili linaharibika likifika kwa mpokeaji: nibadili jina, nifunge zipu, nitume linki ya Drive au WhatsApp?

Vocha_Njiro
Wakuu, habari za jioni. Niko ofisi ya utalii hapa Njiro, upande wa oda za wageni. Wiki hii nimeaibika mara mbili kwa kitu kimoja. Nimetuma ratiba ya familia ya Wajerumani, kwangu faili linasomeka vizuri kabisa:

Mang’ola – Müller.pdf

Wakala wa kule Ujerumani akanirudishia skrinshoti, eti kwake limefika hivi:

Mangâ€™ola â€“ MÃ¼ller.pdf

Faili hilohilo likaenda lodji moja ya Karatu. Dada wa mapokezi akapiga simu: "Mmetutumia kitu kinaitwa ATT00001, hakifunguki, ni virusi?" Nikakosa la kumjibu.

Bosi anataka njia moja ya kudumu. Hadi sasa nimeshauriwa mambo manne: majina yasiwe na madoido, au nifunge zipu, au nipandishe Drive nitume linki, au niachane na imeili nitumie WhatsApp. Aliyejaribu anisaidie.

Chalii_wa_Kijenge
WhatsApp dada, mbona unajitesa. Ila tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inakubatizia IMG na tarehe na WA mbele, mgeni wako anageuka namba.

Vocha_Njiro
Kwa lodji sawa kaka. Wakala hataki. Anasema kila kitu kikae kwenye imeili ya kazi ili yeye akiwa likizo mwenzake akikute.

Fundi_Levolosi
Dada, tupime kwanza ndipo tutoe dawa. Unatumia programu gani? Halafu jitumie hiyo imeili kwenye Gmail yako, ifungue kwa kompyuta, bonyeza vidoti vitatu pembeni, chagua ile ya kuonyesha ujumbe asilia. Tafuta neno filename, ubandike mstari huo hapa.

Vocha_Njiro
Natumia Thunderbird. Mstari huu hapa:

filename*=UTF-8''Mang%E2%80%99ola%20%E2%80%93%20M%C3%BCller.pdf

Sielewi hata nusu.

Fundi_Levolosi
Basi kwako hakuna kosa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa utaratibu wa imeili uitwao RFC 2231, wa mwaka 1997.

Imeili ilianza na herufi za Kiingereza tupu, zile 128 za ASCII. Chochote nje ya hapo lazima kifungashwe ndipo kisafiri. Hiyo ü inabebwa na baiti mbili, C3 na BC. Programu ya wakala imefungua furushi lakini imepuuza lile neno UTF-8 (mtindo wa kufungasha herufi za lugha zote) lililoandikwa juu yake, ikasoma baiti mojamoja kwa jedwali la zamani la Windows. Humo C3 ni Ã na BC ni ¼. Ndiyo hiyo MÃ¼ller yako. Ritifaa, ile alama ya katikati ya Mang’ola, imebebwa na baiti tatu, ndiyo maana imezaa takataka tatu: â€™.

Lodji ni ugonjwa mwingine. Angalia nyota iliyo baada ya filename. Programu yao ni ya zamani, haiijui nyota hiyo, kwa hiyo inaona kiambatisho hakina jina kabisa, inakipa la kwake. Jina hilo halina .pdf mwishoni, na Windows haijui ikifungue kwa kitu gani. Mwambie dada akihifadhi aandike .pdf mwishoni, kitafunguka. Si virusi.

Ninachojiuliza ni hiyo ritifaa. Ya kibodi imenyooka. Yako imepinda. Uliipata wapi?

Kiborloni_Mtandao
Mimi niko Moshi, natuma nyaraka za vyama vya ushirika kila siku. Zipu tu. Unaiita ratiba.zip, imekwisha.

Fundi_Levolosi
Jina la nje litafika kaka, sikatai. Ila la ndani bado ni Müller. Alama ya kusema "majina yaliyomo humu ni UTF-8" iliingia kwenye kanuni za zipu mwaka 2006, na programu za kufungulia za kale hazijali alama hiyo. Umehamisha takataka kutoka sebuleni kwenda chumbani. Na mpokeaji akiwa na simu umemwongezea hatua. Ukiweka nywila ndiyo mbaya zaidi, seva nyingi za makampuni zinaishuku, zinaizuia mlangoni.

Kiborloni_Mtandao
Hapo kwenye nywila umenipata. Nilishawahi kusubiri jibu siku mbili, kumbe haikufika.

Mzee_wa_Rau
Vijana, kuna kitu mnaruka. Windows ikija mpya inaficha yale maandishi ya mwisho, .pdf na wenzake. Mtu haoni .pdf, anaiandika mwenyewe, faili linakuwa ratiba.pdf.pdf. Ofisini kwetu yalijaa kabati zima. Na wahuni nao wanatumia upofu huohuo: ankara.pdf.exe wewe unaiona ankara.pdf. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bonyeza View, halafu Show, weka tiki kwenye File name extensions. Fanyeni leo.

Chalii_wa_Kijenge
Shikamoo mzee. Nimeweka tiki, nimekuta .pdf.pdf kumi na moja 😂

Mzee_wa_Rau
Marahaba. Na wewe ulikuwa unacheka wenzako.

Vocha_Njiro
Fundi, ritifaa nimeipata ilikotoka. Ratiba naiandika kwenye Word, mstari wa kwanza ndio kichwa: Mang'ola, kistari, jina la mgeni. Nikibonyeza kuhifadhi, Word yenyewe inapendekeza mstari huo uwe jina la faili, nami nakubali tu. Na Word ilishaipinda ritifaa zamani, na kistari imekirefusha.

Fundi_Levolosi
Umemkamata mwizi. Ukishaandika ritifaa ikajipinda, bonyeza Ctrl na Z mara moja, inarudi kunyooka na neno lako linabaki. Au uzime kabisa kwenye mipangilio ya kusahihisha ya Word, pale palipoandikwa smart quotes.

Chalii_wa_Kijenge
Si uandike Mangola tu, nani atajua.

Mwalimu_Majengo
Mimi nitajua. Ng ya ngoma si ng' ya ng'ombe. Mangola na Mang'ola kwenye kinywa ni majina mawili, na watu wa bonde lile la vitunguu hawakukosea kuweka ritifaa yao. Tukianza kuifuta kwa sababu ya kompyuta, kesho tutamwandika mtu Ngwandu na yeye ni Ng'wandu.

Fundi_Levolosi
Mwalimu, hapo tuko pamoja. Ritifaa iliyonyooka imo ndani ya ASCII, namba 39, kwa hiyo kwenye imeili inapita bila kufungashwa. Mang'ola ibaki Mang'ola. Inayokataliwa ni ile iliyopinda. Ü ndiyo haina pa kujificha, lakini Wajerumani wenyewe wakikosa herufi hiyo huandika ue, kwa hiyo Mueller hatanuna.

Kiborloni_Mtandao
Na Drive je? Hakuna aliyeigusa.

Vocha_Njiro
Niliijaribu mwezi uliopita. Nilisahau kuifungulia ruhusa, saa nane usiku simu inalia: mtu anaomba ruhusa ya kuona. Na lodji mtandao wao unasuasua, PDF iliyoshuka pamoja na imeili wanaifungua hata intaneti ikikatika, linki haifunguki.

Fundi_Levolosi
Drive iache kwa mizigo. Gmail inakomea MB 25, na kiambatisho kikisafiri kinavimba kwa zaidi ya theluthi moja, kwa hiyo faili la MB 20 linagonga ukuta. Picha za lodji na video ndiko mahali pake. Ratiba ya kurasa tatu unaipandishia mawinguni ya nini?

Kiborloni_Mtandao
Kuna njia ya tano. Kwenye Thunderbird fungua mipangilio ya ndani, tafuta mail.strictly_mime.parm_folding, weka 0. Inarudi mtindo wa zamani, programu nyingi kongwe zinauelewa. Kwangu ilisaidia.

Fundi_Levolosi
Kweli, na huenda lodji ikapona. Siipendi kwa sababu mbili. Kwanza RFC 2047, kanuni ya mtindo huo wa zamani, inakataza ufungashaji wa namna hiyo ndani ya jina la faili, tunategemea tu kwamba programu nyingi zinavumilia. Pili itakuwa kwenye kompyuta moja. Siku dada amepewa laptopu nyingine, ATT00001 imerudi na hakuna anayekumbuka sababu.

Vocha_Njiro
Nimerudi na majibu. Leo asubuhi nimetuma faili moja kwa majina matatu, kwa wote wawili.

Lenye ritifaa iliyopinda na ü: vilevile, wakala takataka, lodji ATT00001. Lililobaki na ü peke yake: wakala MÃ¼ller, lodji ATT tena. Yaani herufi moja inatosha kuangusha jina zima! La tatu, Mang'ola-Mueller.pdf, limefika salama kote, na dada wa Karatu amenijibu "hili limefunguka, wageni wanakula nyama?"

Bosi nimemwambia ni majina, na hakuna cha kununua. Dayakriti za wageni (vidoti vya ü na wenzake) zinabaki ndani ya ratiba yenyewe, jina la faili ndilo tunalolivua viatu. WhatsApp tutaitumia kwa lodji siku za dharura tu.

Mwalimu_Majengo
Vizuri binti yangu. Na kistari kirefu?

Vocha_Njiro
Kimekwenda pia mwalimu. Sasa nina folda ya msimu uliopita, mafaili mia mbili na kitu, yote yamepinda. Kuna njia ya kuyanyoosha kwa pamoja au niagize chai?

Fundi_Levolosi
Sakinisha PowerToys ya Microsoft, ni bure, ndani yake kuna PowerRename. Chagua mafaili yote, kwenye kutafuta bandika ritifaa iliyopinda, kwenye kubadilisha andika iliyonyooka. Inakuonyesha majina mapya kabla hujathibitisha. Nakili folda pembeni kwanza. Chai uagize tu.