Kompyuta ya 486 ya mzee inaganda ikifika kwenye dreva ya netiweki, msaada wakuu

MangiMajengo:
Wakuu habari za jioni. Hapa Moshi nina 486 ya mzee wangu, ramu 8MB, mfumo wake ni DOS 6.22, ndo ina mahesabu yake ya kahawa ya miaka yote na hataki kusikia habari ya laptop. Sasa nimeipata kadi ya netiweki ya ISA (zile sloti za zamani) kwa fundi mmoja Arusha nikaichomeka ili nihamishe mafaili kabla hard disk haijafa, tangu siku hiyo ikiwaka inafika kwenye dreva ya kadi (programu ya kuiendesha) inaganda, hata Ctrl+Alt+Del haisikii. Nikibonyeza F5 pale inapoandika Starting MS-DOS inawaka fresh ila programu ya mahesabu inagoma inasema hakuna EMS (ile ramu ya ziada ya programu za DOS). Ramu imekufa au?

chalii_wa_Sakina:
Ongeza ramu chalii wangu, 8MB ya nini

FundiMstaafu:
Usimsikilize huyo. F5 inaruka CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, mafaili ambayo DOS inayasoma ikiwaka, kama hapo inawaka basi ramu nzima, ugomvi uko ndani ya hayo mafaili. Kutoka 640K mpaka 1MB kuna 384K ambazo ni kama nyumba ya kupanga, kadi zina vyumba vyao humo na EMM386, meneja wa ramu wa DOS, nayo inapita kutafuta vilivyo wazi iweke madreva. Kadi yako ikiwa bado haijaamka chumba chake kinaonekana kitupu, EMM386 inahamia, mwenyewe akirudi wanagongana. Angalia dreva ikipanda inaandika ramu ya kadi iko anwani gani.

MangiMajengo:
Imeandika D0000, 16K. Nimeweka X=D000-D3FF kwenye EMM386 isiguse hapo, bado inaganda vilevile 😩

FundiMstaafu:
Bandika CONFIG.SYS yote

MangiMajengo:
DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\QEMM\QEMM386.SYS RAM
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS X=D000-D3FF
DOS=HIGH,UMB

FundiMstaafu:
Haya sasa, mameneja wawili nyumba moja! QEMM nayo ni meneja wa ramu kama EMM386, inawahi, EMM386 ikija inakuta kumeshashikwa haipandi kabisa, kwa hiyo hiyo X yako hakuna anayeisoma. Weka REM mbele ya mstari wa QEMM ili DOS iuruke, na NOEMS badili iwe RAM maana EMM386 ikipanda na NOEMS itainyima hiyo programu EMS yake. HIMEM ibaki juu ya EMM386 usiipindue. Af kopi CONFIG.SYS ya zamani pembeni kwanza jamani, mnapenda kuedit bila kopi.

chalii_wa_Sakina:
kumbe 😂 nimekaa kimya

MangiMajengo:
Mkuu ubarikiwe, imewaka na kadi inaongea na laptop. Nimepiga MEM /C kuona nani kakaa wapi kwenye ramu, naona dreva ya mausi bado iko chini kwenye zile 640K, ila mzee kashakaa anaandika madeni ya watu sithubutu kumwambia azime