MJADALA: Dodoso linajazwa na mtahiniwa mwenyewe. Tuamini alama za data huria za Ulaya?

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Tangu 2015, Kamisheni ya Ulaya hutoa kila mwaka ripoti inayopanga nchi kwa ukomavu wa data huria, yaani data za serikali ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzipakua, kuzitumia na hata kuzifanyia biashara. Zinaangaliwa sehemu nne: sera, tovuti ya taifa, ubora wa data na matokeo kwa jamii. Ireland iliongoza 2017 hadi 2019. Ufaransa ilishika usukani 2021 na bado ilikuwa nao 2024, ilipopewa asilimia 100.

Mimi nasema alama hizi zisitumike kama ushahidi kwamba serikali iko wazi. Dodoso linajazwa na maofisa wa nchi husika, halafu watafiti wanapitia vielelezo walivyoambatanisha. Una waraka wa sera? Alama. Umefanya kongamano? Alama. Lakini raia anayetafuta faili moja tu hajali makongamano.

Chukueni hiyo Ufaransa ya asilimia 100. Tangu Aprili 2019 inatoa bure bei halisi za nyumba na viwanja vilivyouzwa nchini, kwa kila muamala. Kazi nzuri sana, nakiri. Ila tafuta nyumba ya Strasbourg uone: hakuna kitu. Mikoa ya Bas-Rhin (ndiko iliko Strasbourg), Haut-Rhin na Moselle inafuata daftari lake la ardhi lililobaki tangu enzi za Wajerumani, kwa hiyo haimo, na Mayotte nayo haimo. Sababu ipo na inaeleweka. Nataka tu kujua hilo pengo linaonekana wapi kwenye hiyo 100.

Kulikuwa na njia nyingine. Global Open Data Index ilichukua orodha ileile ya data kwa kila nchi, kama bajeti, matokeo ya uchaguzi, daftari la makampuni, umiliki wa ardhi, na watu wa nje ya serikali wakaangalia moja moja: ipo? ni bure? leseni inaruhusu? kompyuta inaisoma? Toleo la mwisho lilikuwa la 2016/17, basi. Nataka kitu cha namna hiyo kirudi. Karibuni tujadili, matusi hapana.

Kipanga

Mkuu, umeshawahi kukaa ndani ya ofisi ya serikali? Ofisa wa data huria hana meno. Hawezi kumlazimisha mkurugenzi wa ardhi wala wa hali ya hewa kumpa faili. Silaha yake ni hiyo ripoti: "Bosi, jirani zetu wametupita." Hapo ndipo bajeti inatoka. Ukiiua ripoti kwa sababu haimfai raia moja kwa moja, umempokonya ofisa fimbo yake ya pekee.

Na hao watu wa kujitolea unaowasifia walichoka. Nchi zaidi ya thelathini, kila mwaka, wakague bila malipo? Nani atafanya?

Mleta mada

Fimbo sawa, lakini inampiga nani? Vita ilipopamba moto Ukraine Februari 2022, sajili nyingi za umma zilifungwa. Mwaka huohuo Ukraine ikawa ya 2 Ulaya kwa asilimia 97. Siwalaumu kufunga hata kidogo, ningefunga pia. Nauliza hicho kipimo kilikuwa kinapima nini wakati milango imefungwa.

Kipanga

Kilikuwa kinapima ukomavu, neno liko kwenye jalada la ripoti. Taasisi, sheria na watu wake walikuwepo, ndiyo maana data zilianza kurudishwa hatua kwa hatua vita ikiendelea. Nchi isiyo na msingi ikifunga, imefunga moja kwa moja.

Mleta mada

Hapo umenibana kidogo. Basi waandike "ukomavu" kwenye hotuba pia, wasiseme "uwazi".

Wakili Uchwara

Naomba niingie na sheria. Novemba 22, 2022, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kwenye kesi zilizotoka Luxembourg, ilibatilisha kifungu kilichompa kila mtu haki ya kuona sajili za wamiliki manufaa wa makampuni, yaani watu halisi wanaomiliki au kunufaika na kampuni nyuma ya pazia, kwa hoja ya faragha. Luxembourg na Uholanzi zikafunga sajili zao mara moja. Kwa kipimo chako cha "ipo au haipo", nchi iliyotii mahakama inapata sifuri. Ni haki?

Mleta mada

Ni haki kabisa. Sifuri siyo tusi. Mwandishi wa habari anayefuatilia fedha za wizi akifika pale anakuta mlango umefungwa, awe ameufunga jaji au waziri. Sababu iandikwe pembeni, lakini alama ibaki sifuri.

Mtu wa Köln

Nyie mnazungumzia daraja la kwanza, mimi niwape ya huku. Tangu Agosti 2022 daftari la makampuni la Ujerumani unalisoma bure mtandaoni. Tukashangilia. Halafu soma masharti: usizidi utafutaji 60 kwa saa. Ukitaka kujua kampuni ya mwenye nyumba wako, inatosha. Ukitaka kuchambua makampuni yote ya nchi, keti uhesabu utamaliza lini. Sasa kwenye dodoso hiyo ni "ndiyo" au "hapana"?

Kipanga

Hiyo sasa ina jibu la kisheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023/138, iliyoanza kutumika Juni 9, 2024, imetaja makundi sita ya data zenye thamani kubwa, makampuni yakiwemo. Zinatakiwa bure, zisomeke kwa kompyuta, na zipakulike kwa mkupuo pale kanuni inapotaka hivyo. Kwa hiyo orodha anayoililia mleta mada tayari ipo, na ina nguvu ya sheria.

Mleta mada

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Chukua orodha hiyohiyo, mpe mtu asiye mtumishi wa serikali, ajaribu kupakua katika kila nchi, achapishe alichopata na alichokosa. Asijumlishe kuwa asilimia moja. Uingereza ilikuwa ya 1 duniani kwenye Open Data Barometer ya 2013, orodha nyingine ya kupanga nchi kwa data huria, iliyotolewa Oktoba, mwezi uleule Royal Mail, shirika lao la posta, ilipouzwa pamoja na faili la anwani zote za nchi. Mwaka uliofuata kamati ya bunge lao ilisema kuliuza faili lile lilikuwa kosa. Denmark iliachia anwani zake bure tangu 2002, na utafiti wa huko ulikadiria faida ya euro milioni 62 kati ya 2005 na 2009 kwa gharama ya kama milioni 2. Nafasi ya kwanza haikumwonya Mwingereza yeyote.

Kipanga

Sawa, nakubali jedwali la kila faili liwepo. Lakini la ukomavu libaki pembeni yake. Na bado hujaniambia nani analipa.

Mtu wa Köln

Kamisheni ilipe, hela ileile ya ripoti. Ila mkaguzi asichaguliwe na nchi anayoikagua.