Tupeane uzoefu: laibrari mbili zilipogombania vesheni, nani aliumia?

Kodi Usiku: Wakuu, leo dogo mmoja ofisini kaandika sudo apt remove python3, amri ya kuondoa Python ambayo mfumo wenyewe unaitegemea, nikaruka kitini kama nimekalia msumari. Nimekumbuka yangu. Walioumia njooni.

Chatu: Numpy 2, ile laibrari ya hesabu ya Python, mwezi wa sita 2024. Sina la kuongeza.

Mzee wa Seva: Umegusa kidonda. Kila kilichokompailiwa kwa numpy 1 kiligoma. Nikaandika numpy<2, yaani ibaki vesheni ya chini ya 2, nikalala.

Dada Pakiti: Yangu ndefu, nivumilieni. Seva ya Ubuntu 20.04, Python yake 3.8, laibrari yangu inadai 3.10. Nikaweka 3.10, nikaigeuza iwe ndiyo python3 ya mfumo mzima. Programu ikawaka! Kugusa apt update, amri ya kusasisha orodha ya pakiti, inalia haioni apt_pkg, kipande chake cha Python. Kumbe kimejengwa kwa 3.8 tu. Nikasema niiondoe python3 niirudishe upya. Ikanimwagia orodha ya vitakavyoondoka nayo. Sikusoma, nikabonyeza Y. Mle ndani netplan, inayopanga mtandao wa seva, nayo ilikuwemo. Nikawasha seva upya… kimya. SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, haiingii. Saa tisa usiku, mteja anazindua saa mbili asubuhi.

Chatu: Mama yangu!

Kodi Usiku: Usituache njiani dada.

Jembe: Si ungetumia venv tu, chumba cha pembeni cha Python kwa mradi mmoja? Amri moja.

Dada Pakiti: Asante kwa kuniambia leo.

Mzee wa Seva: Venv haitibu kila kitu. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3, laibrari ya usalama wa mawasiliano, programu ya zamani inataka libssl 1.1 ya vesheni ya nyuma. Hapo venv itakusaidia nini? Docker, inayofunga programu na laibrari zake zote kwenye boksi moja.

Jembe: Docker kwa bando la nani mzee?

Mzee wa Seva: La kwako. Unashusha sinema kila siku.

Chatu: Mimi nina laptopu mbili, kila mradi na yake. Sitaki ugomvi.

Jembe: Debian 12, mfumo ndugu wa Ubuntu, pip ya kuweka laibrari za Python yenyewe inakugomea, mpaka uweke --break-system-packages. Mimi naweka.

Kodi Usiku: Jina lenyewe linakwambia unavunja, na bado unaweka!

Dada Pakiti: Basi nikapanda boda na kibodi mgongoni hadi kwa mteja. Mlinzi akanigomea getini hadi saa kumi na moja. Nilipoingia nikapiga Ubuntu upya, nikarudisha bakapu, saa mbili kasoro dakika tano ikawaka. Python sikuigusa tena, nilitengeneza venv.

Jembe: Si nilisema?

Mgeni 07: Samahani wakuu, nimesoma nusu. Nimeshabonyeza Y, sasa niwashe upya?

Dada Pakiti: USIWASHE!!!