Mjadala: Colorado ya Deion Sanders ilishindwa kukimbia na mpira kwa kosa la nani?

Mwanzisha mada

Wadau, mwaka 1994 Rashaan Salaam wa Chuo Kikuu cha Colorado alikimbia na mpira yadi 2,055 katika mechi 11, akabeba tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mwaka wa futiboli ya vyuo. Miaka 30 baadaye, msimu wa 2024, wakimbiaji wote wa chuo hicho hicho kwa pamoja hawakufikisha hata nusu ya yadi hizo katika mechi 13. Wastani wao ulikuwa yadi 65 kwa mechi, wa mwisho kabisa katika daraja la juu la futiboli ya vyuo Marekani. Mwaka 2023 pia walishika mkia.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: timu hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, ama kwa kutupa mpira, ama kwa kumpa mtu akimbie nao. Ukikimbia, saa inatembea na mabeki hawajui wakutegee wapi. Usipoweza, wanajua pasi inakuja, na wote wanamvamia kwotabeki, yule anayetupa pasi.

Mimi siwalaumu wakimbiaji. Nawalaumu waliojenga safu ya mbele, wale watano wa miili mikubwa wanaofungua njia. Deion Sanders, kocha mkuu, alikuta timu iliyotoka kushinda mechi 1 na kupoteza 11 mwaka 2022. Akakifumua kikosi, wachezaji zaidi ya 50 wakaondoka, nafasi zao zikajazwa na waliohamia kutoka vyuo vingine. Mdaka pasi unaweza kumsajili Januari akang'ara Septemba. Watano wa mbele sivyo. Lazima mchezo ukianza wasogee kwa pamoja, kila mmoja ajue bila kuambiwa ni beki gani amshike na yupi amwachie jirani yake. Ujuzi huo hauji ila kwa kucheza pamoja muda mrefu.

Mchangiaji wa kwanza

Dada yangu, takwimu yako ina mtego. Vyuoni, kwotabeki akiangushwa kabla hajatupa, yadi alizorudishwa nyuma zinakatwa kwenye hesabu ya kukimbia. NFL, ligi ya kulipwa, huzikata kwenye pasi. Shedeur Sanders, kwotabeki wa Colorado na mtoto wa Deion, aliangushwa mara 52 mwaka 2023. Chukulia yadi 7 kila mara, ugawe kwa mechi 12: ni kama yadi 30 kwa mechi ambazo hakuna mkimbiaji aliyezipoteza.

Mwanzisha mada

Hesabu yako naikubali, kaka, na ni kweli wengi hawaijui. Ila rudisha hizo yadi 30, wanafika kama 100 kwa mechi, na kwa timu za daraja lile bado ni kidogo mno. Halafu nani aliwaachia wapinzani njia ya kumwangusha Shedeur mara 52? Ni safu ile ile. Umeiongezea hoja yangu nguvu.

Mchangiaji wa pili

Mimi naona ni uamuzi tu wa benchi. Una Shedeur, una mdaka pasi kama Travis Hunter, ya nini kukimbia? Mechi ya kwanza ya Deion Colorado, dhidi ya chuo cha TCU, Shedeur alitupa yadi 510 wakashinda 45-42. Mwaka 2024 wameshinda mechi 9 na Hunter akachukua Heisman. Kama huo ni ugonjwa, timu nyingi zingeuomba.

Mwanzisha mada

Mkuu, kumbuka mechi na chuo cha Stanford, Oktoba 2023. Mapumziko Colorado inaongoza 29-0, mbele ya mashabiki wake Boulder. Ikapoteza 46-43 katika muda wa nyongeza. Ukiongoza hivyo unahitaji kitu kimoja tu: kukimbia yadi 4, yadi 3, yadi 5, saa iishe. Hawakuwa nacho. Usiku ule uliniuma sana, maana vijana walikuwa wamecheza vizuri na ushindi ulikuwa mkononi. Mwaka uliofuata kwa Nebraska wakakimbia yadi 16 mechi nzima, wakalala 28-10. Uamuzi ni pale unapoweza kufanya yote mawili ukachagua moja.

Mchangiaji wa tatu

Tazameni Army, chuo cha jeshi. Mwaka 2024 waliongoza nchi nzima, zaidi ya yadi 300 kwa mechi, na safu yao ikapewa tuzo ya Joe Moore, ya safu bora ya mbele. Hawategemei wahamiaji, vijana wanakua pamoja. Nakiri mfumo wao wote umejengwa juu ya kukimbia, kwa hiyo mizani haiko sawa kabisa.

Mwanzisha mada

Haiko sawa, lakini ndicho ninachokisema. Mwaka 2024 Colorado walimpata Jordan Seaton, akacheza upande wa kushoto akiwa mwaka wa kwanza, kijana hodari kweli. Wanne waliobaki? Na 2025 Deion akamleta Marshall Faulk kuwafundisha wakimbiaji. Faulk namheshimu, ni mmoja wa wakimbiaji wakubwa waliowahi kucheza. Ila alikuwa anamfundisha mtu kupita mlangoni, na mlango wenyewe haujafunguliwa. Anayeona kocha wa wakimbiaji alikuwa ndiye dawa, anieleze: yadi ya kwanza, kabla mkimbiaji hajagusana na beki yeyote, inatoka kwa nani?